Kuuza kazi ambazo taarifa zake za hakimiliki zimechezewa: je, muuzaji anawajibika kijinai hata kama si yeye aliyezifuta?

MuuzaMafaili ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu.

Ninaendesha biashara ndogo ya kuuza picha na rekodi za sauti mtandaoni, na wateja wangu wengi ni wachapishaji wa majarida, watengenezaji wa matangazo na watayarishaji wa vipindi. Kwa kawaida ninapokea kazi moja kwa moja kutoka kwa wale waliozitengeneza, lakini safari hii nilinunua shehena kubwa ya mafaili kutoka kwa msambazaji aliyedai kwamba haki zote alikwisha kuzinunua kwa mkupuo. Mkataba wetu una sentensi moja tu kuhusu umiliki, nayo inasema kwamba muuzaji anathibitisha kuwa ana haki ya kuuza.

Nilipoanza kuyapanga mafaili hayo, nilikuta kwamba picha nyingi hazina jina la mpiga picha wala tamko la hakimiliki katika sehemu zinazojazwa taarifa hizo ndani ya faili, ilhali aina ya kamera, lenzi iliyotumika na saa ambayo picha ilipigwa vimebaki kama vilivyokuwa. Nyingine zina jina la msambazaji mwenyewe mahali pa jina la mpiga picha, jambo ambalo ni gumu kuliamini, kwa kuwa zipo mbili zilizopigwa siku moja, zikipishana dakika chache tu, na alama za mahali zilizomo ndani yake zinaonyesha mabara mawili tofauti. Kwa upande wa sauti, msimbo wa utambulisho wa rekodi umeondolewa katika baadhi ya mafaili, na katika mengine ni msimbo mmoja uleule uliobandikwa kwenye nyimbo ambazo hazihusiani hata kidogo.

Kwamba kuuza kazi ya mtu bila idhini yake ni kukiuka hakimiliki, hilo ninalifahamu na wala silo ninaloliuliza. Ninachotaka kujua ni hiki: je, sheria inatambua kosa la jinai linalosimama peke yake dhidi ya mtu anayeuza, anayesambaza au anayeingiza kutoka nje kazi ambazo taarifa zake za haki zimefutwa au kubadilishwa, hata kama si yeye aliyezifuta? Kama lipo, adhabu yake ni kubwa kiasi gani, na upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha nini hasa? Niseme pia kwamba baadhi ya picha hizo nilikwisha kuziuza kabla sijayaona haya niliyoyaeleza.

WakiliWaMachapisho amejibu:

Ndugu MuuzaMafaili, kosa hilo lipo katika nchi nyingi, ingawa si zote, na halimlengi aliyefuta peke yake. Hujataja nchi yako, nami sitaiuliza, kwa sababu chimbuko la sheria hizi ni moja na ukilielewa utaweza kuisoma sheria ya mahali popote.

Chimbuko lenyewe ni Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO, yaani Shirika la Dunia la Miliki Bunifu, uliopitishwa Geneva tarehe 20 Desemba 1996 na kuanza kutumika tarehe 6 Machi 2002. Ibara yake ya 12 inazungumzia taarifa za usimamizi wa haki, yaani taarifa zinazoitambulisha kazi, mtunzi wake, mwenye haki yoyote katika kazi hiyo, au masharti ya kuitumia, pamoja na namba na misimbo inayosimama badala ya taarifa hizo, mradi ziwe zimeambatishwa kwenye nakala au zinaonekana pale kazi inapofikishwa kwa umma. Mkataba pacha wa mwaka huohuo unaohusu wasanii wa maonyesho na watayarishaji wa rekodi za sauti una masharti yanayofanana na hayo katika ibara ya 19, kwa hiyo mafaili yako ya sauti nayo yamo.

Ibara ya 12 inataja matendo mawili na kuyaweka bega kwa bega. La kwanza ni kuondoa au kubadilisha bila mamlaka taarifa za haki zilizo katika mfumo wa kielektroniki. La pili, ambalo ndilo linalokuhusu, ni kusambaza, kuingiza nchini kwa lengo la kusambaza, kutangaza kwa redio au televisheni, au kufikisha kwa umma, bila mamlaka, kazi au nakala za kazi huku mtu akijua kwamba taarifa zake ziliondolewa au kubadilishwa bila mamlaka. Msambazaji amewekewa kosa lake mwenyewe. Hashitakiwi kama msaidizi wa aliyefuta, na hakuna haja ya aliyefuta kukamatwa, au hata kujulikana, ndipo msambazaji afikishwe mahakamani.

Hata hivyo, mkataba haukusema popote kwamba ni lazima mtu afungwe. Ulizitaka nchi wanachama ziweke nafuu za kisheria zinazotosha na zenye nguvu, kisha kila nchi ikachagua njia yake. Ndiyo maana Uingereza, katika kifungu cha 296ZG cha sheria yake ya hakimiliki ya 1988, inampa mwenye haki uwezo wa kumshtaki msambazaji kwa madai kana kwamba amekiuka hakimiliki yenyewe, lakini haikutengeneza kosa la jinai kwa tendo hilo. Adhabu ya kifungo iliyomo katika vifungu vya jirani inahusu vifaa na huduma za kuvunja kinga za kiteknolojia, na watu wengi huyachanganya mambo hayo mawili.

Marekani ilichukua njia kali. Kifungu cha 1202 cha sheria yake ya hakimiliki, kilichoingizwa mwaka 1998, kinakataza matendo hayo, na kifungu cha 1204 kinaweka adhabu ya faini isiyozidi dola 500,000 au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili, kwa kosa la kwanza. Kosa likirudiwa, kiwango kinapanda hadi dola 1,000,000 au miaka 10. Lakini milango ya adhabu hiyo ni myembamba: mtu lazima awe ametenda kwa makusudi, na kwa ajili ya manufaa ya kibiashara au mapato yake binafsi ya fedha. Maktaba, hifadhi za nyaraka, taasisi za elimu zisizo za faida na vyombo vya utangazaji vya umma vimeondolewa kabisa katika adhabu hizo za jinai, na mashtaka hayawezi kufunguliwa baada ya miaka 5 kupita.

India, kwa marekebisho ya mwaka 2012, iliweka kifungu cha 65B kinachotoa kifungo kinachoweza kufikia miaka 2 pamoja na faini, kwa anayefuta na kwa anayesambaza, na kikaongeza kwamba mwenye hakimiliki bado anaweza kufungua kesi ya madai. Japani inaadhibu kwa kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi yeni milioni 3, au vyote viwili, pale tendo linapofanywa kwa lengo la faida. Australia imeyapanga makosa ya namna hii kwa madaraja, na daraja zito kabisa linafikia miaka 5. Ujerumani, katika kifungu cha 108b, inatoa kifungo kisichozidi mwaka mmoja au faini, na inamwacha nje yule aliyefanya kwa matumizi yake binafsi au ya watu wake wa karibu. Lakini mtu akiifanya shughuli hiyo kuwa biashara, kiwango kinapanda hadi miaka 3. Huko, isipokuwa pale ambapo mwendesha mashtaka anaona kuna maslahi maalumu ya umma, kesi haianzi mpaka mwenye haki apeleke malalamiko.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Ufaransa, kwa sababu unajibu swali lako moja kwa moja. Sheria iliyopitishwa mwaka 2006 inamtoza yule aliyefuta taarifa kwa mkono wake mwenyewe, kwa kujua, faini ya euro 3,750, bila kifungo. Yule anayeingiza nchini, anayesambaza au anayeweka mbele ya umma, kwa kujua, kazi ambayo taarifa zake zilifutwa kwa nia ya kudhuru haki za mwenyewe, anakabiliwa na kifungo cha miezi 6 na faini ya euro 30,000. Kwa maneno mengine, mwuzaji ameadhibiwa zaidi kuliko mfutaji wa kawaida. Nami naona mantiki yake ni nzito: faili lililofutwa jina likibaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja halimdhuru mpiga picha kwa kiasi kikubwa, bali madhara yanaanza pale linapoingia sokoni na kunakiliwa na wanunuzi ambao hawana tena njia ya kumfikia.

Sasa kuhusu kinachopaswa kuthibitishwa. Katika nchi zilizofuata maneno ya mkataba, upande wa mashtaka una mizigo miwili ya ujuzi. Kwanza, uthibitishe kwamba ulijua kuwa taarifa ziliondolewa au kubadilishwa bila mamlaka. Pili, uthibitishe kwamba ulijua kuwa usambazaji wako utachochea, utawezesha, utarahisisha au utaficha ukiukaji wa hakimiliki. Katika kesi ya madai kiwango ni cha chini: inatosha kwamba ulikuwa na sababu za maana za kujua jambo hilo la pili. Tofauti hiyo kati ya kujua na kuwa na sababu ya kujua ndiyo inayotenganisha fidia na kifungo.

Kwa msingi huo, mauzo uliyoyafanya kabla hujagundua na mauzo utakayoyafanya baada ya leo ni matendo mawili yenye uzito tofauti kabisa mbele ya sheria, ingawa picha ni zilezile.

MtunzaKumbukumbuZaPicha amejibu:

Nimefanya kazi ya kutunza picha kwa muda mrefu, nami nitazungumzia mafaili tu, sheria nikiwaachia wenyewe.

Kufutika kwa taarifa ndani ya faili hakumaanishi kila mara kwamba kuna mtu aliyezifuta kwa makusudi. Programu nyingi za kupunguza ukubwa wa picha, na mitandao mingi ya kijamii, huondoa taarifa zote zilizomo ndani ya faili pale picha inapopakiwa au kubanwa. Lakini tazama jinsi zinavyoondoa: mara nyingi husomba kila kitu kwa pamoja, jina la mpiga picha pamoja na aina ya kamera, lenzi, saa na mahali. Wewe umesema kwamba kamera, lenzi na saa vimebaki, na yaliyotoweka ni jina na tamko la hakimiliki pekee. Mashine inayobana picha kwa kawaida haichagui namna hiyo. Ufutaji wa kuchagua mara nyingi ni alama ya mkono wa mtu, au ya programu iliyoelekezwa na mtu.

Kuna mahali pengine pa kutazama ambapo wachakachuaji wengi hupasahau. Faili la picha linaweza kubeba ndani yake kijipicha kidogo, kinachotumika kuonyesha sura ya picha kwenye orodha kabla haijafunguliwa. Mtu akiikata picha ili kuondoa jina lililoandikwa ukingoni, kwa kutumia programu isiyokitengeneza upya kile kijipicha, picha kubwa itaonekana safi ilhali kijipicha kilichojificha ndani kinaonyesha picha nzima ya awali, pamoja na ule mstari wa jina chini yake. Huenda herufi zisisomeke vizuri kwa udogo wake, lakini kuwapo kwa mstari huo kunatosha kuonyesha kwamba ulikuwapo na ukakatwa. Fungua picha zako chache kwa programu inayoweza kukitoa kijipicha hicho, ulinganishe pembe na pembe.

Tazama pia uwiano wa vipimo. Kamera hutoa picha zenye uwiano maalumu wa urefu na upana, na ukikuta mamia ya picha zilizopunguzwa kiasi kilekile upande uleule wa chini, unajua kwamba palikuwa na kitu kinachojirudia mahali hapo.

Jambo la mwisho, usiyaguse mafaili yenyewe. Hifadhi nakala kama zilivyofika, na uchunguzi wote ufanye kwenye nakala nyingine.

Msomaji_Makini amejibu:

Kwa heshima zote, nadhani tunamtisha ndugu yetu bila sababu ya kutosha. Kesi nyingi zinazosikika chini ya kifungu cha 1202 cha Marekani ni za madai, zinazofunguliwa na wapiga picha na wachapishaji, na mashtaka ya jinai yanayosimama juu ya taarifa za haki peke yake ni nadra. Hata katika hizo za madai, kushinda si rahisi. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliwakatalia wapiga picha za nyumba zinazouzwa, waliolalamika kwamba programu za kampuni ya CoreLogic zilikuwa zinaondoa taarifa zilizomo ndani ya picha zao. Mahakama ilisema kwamba uwezekano wa jumla kwamba ukiukaji unaweza kutokea baadaye hautoshi. Ilibidi waonyeshe kwamba kampuni ilijua, au ilikuwa na sababu ya kujua, kwamba ufutaji huo ungechochea, ungewezesha, ungerahisisha au ungeficha ukiukaji. Hawakuweza.

Isitoshe, ndugu MuuzaMafaili ana mkataba. Msambazaji amethibitisha kwa maandishi kwamba ana haki ya kuuza. Iweje mnunuzi aliyeamini maandishi aonekane mhalifu? Asipofungua mafaili hayo na kuyachunguza kwa darubini, atakuwa hajui lolote, na asiyejua hana kosa.

WakiliWaMachapisho amejibu:

Ndugu Msomaji_Makini, hukumu uliyoitaja umeieleza sawasawa, lakini mazingira yake hayafanani na haya. Pale kulikuwa na programu zilizokuwa zinaondoa taarifa zote kwa sababu za kiufundi, picha zilitolewa na wapiga picha wenyewe kwa ajili ya matangazo ya nyumba, na hapakuwa na ushahidi kwamba kuna mtu aliyewahi kuzitegemea taarifa hizo kuzuia ukiukaji au kuugundua. Hapa kuna ufutaji wa kuchagua na jina la mtu mwingine lililopachikwa mahali pa jina la mwenyewe.

Soma hukumu hiyo pamoja na ile ya mwaka 2020 ya Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili dhidi ya BuzzFeed, kampuni ya habari za mtandaoni. Mwandishi wake wa habari alichukua picha iliyokwisha kuchapishwa na gazeti, akaondoa jina la mpiga picha lililokuwa chini yake, akaweka jina la kampuni ya mawakili. BuzzFeed ilijitetea kwamba hapakuwa na ushahidi kuwa ilijua kitendo hicho kingesababisha watu wengine wakiuke hakimiliki baadaye. Mahakama ikasema si lazima ukiukaji uwe wa mtu mwingine wala wa baadaye; inatosha kwamba jina la uongo lilificha ukiukaji wa mshtakiwa mwenyewe. Mpiga picha alipewa dola 3,750 kwa kutumiwa picha yake na dola 5,000 kwa kuchezewa kwa taarifa zake. Fedha si nyingi, lakini tazama kwamba fidia ya taarifa ilizidi ya picha yenyewe.

Kuhusu ushauri wa kutofungua mafaili ili mtu abaki hajui, huo siukubali hata kidogo. Sheria za jinai za nchi nyingi humhesabu mtu anayefumba macho kwa makusudi kuwa sawa na anayejua. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la hataza (haki ya uvumbuzi) la mwaka 2011, ilieleza vigezo viwili: mtu awe anaamini kwamba uwezekano wa jambo kuwapo ni mkubwa, na awe amechukua hatua za makusudi za kukwepa kulijua kwa hakika. Mtu anayeona nafasi ya jina iko tupu katika picha moja kati ya elfu hajafumba macho. Anayeziona tupu katika mamia, akaamua kutotazama zilizobaki ili aendelee kuuza, yuko karibu sana na vigezo hivyo. Ni kama mnunuzi wa mali ya wizi anayekataa kuuliza ilikotoka kwa sababu jibu analijua.

Sentensi ya mkataba ina manufaa, lakini si yale unayoyadhani. Inamwezesha ndugu yetu kumdai msambazaji fidia endapo atahukumiwa kulipa, na kabla ya ugunduzi inasaidia kuonyesha kwamba alitenda kwa nia njema. Haimwondolei mwenye hakimiliki haki yake, kwa sababu yeye hakuwa sehemu ya mkataba huo, na haiwezi kuufuta ujuzi uliopatikana baada ya kutiwa saini.

Nakubaliana nawe katika hilo la uchache wa mashtaka ya jinai. Upande wa mashtaka mara nyingi huona ni rahisi zaidi kumshitaki mtu kwa ukiukaji wa hakimiliki wa kiwango cha kibiashara, kosa ambalo mkataba wa TRIPS, unaohusu haki miliki katika biashara, katika ibara ya 61, unazitaka nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani ziliadhibu kijinai. Shitaka la taarifa za haki huongezwa kando yake, na ushahidi wa kuchezewa kwa majina hutumika kuthibitisha kwamba ukiukaji ulikuwa wa makusudi. Hapo ndipo hatari yake halisi ilipo: jina lililofutwa linakuwa shahidi wa nia.

MuuzaMafaili amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimekifuata kile alichoelekeza Mtunza Kumbukumbu, nikafungua picha kadhaa kwenye nakala za pembeni, na katika baadhi yake kijipicha cha ndani kinaonyesha ukanda mweusi wenye maandishi meupe chini ya picha, ukanda ambao haupo katika picha kubwa. Jina halisomeki kikamilifu, lakini neno la kwanza si jina la msambazaji wangu.

Nimeondoa shehena nzima sokoni. Yamebaki maswali matatu. Wateja walionunua awali bado wana viungo vya kupakulia, na mfumo wangu unawaruhusu kupakua tena wakati wowote. Je, hilo nalo ni usambazaji? Pili, naweza kuyarudisha mimi mwenyewe majina ninayoweza kuyatambua? Tatu, kwa kawaida mimi huondoa alama za mahali katika picha za watu kwa ajili ya usalama wao. Je, kwa maelezo haya nimekuwa nikitenda kosa?

WakiliWaMachapisho amejibu:

Naanza na la tatu kwa kuwa ni jepesi. Alama ya mahali na aina ya kamera hazimtambulishi mtunzi, wala mwenye haki, wala masharti ya matumizi, kwa hiyo kwa kawaida hazimo katika taarifa zinazolindwa. Sheria ya Marekani inakwenda mbali zaidi na kusema wazi kwamba taarifa zinazomtambulisha mtumiaji wa kazi hazihesabiwi. Endelea kuwalinda watu wako, mradi chombo unachotumia kinaondoa mahali tu na hakigusi jina.

Viungo vya kupakulia ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Uuzaji wa awali ulifanyika wakati hujui, na kwa huo sioni jinsi shitaka la jinai linavyoweza kusimama penye masharti ya ujuzi niliyoyaeleza. Unabaki na hatari ya madai, ambayo kwa Marekani, upande wa taarifa peke yake, inaweza kuwa kati ya dola 2,500 na 25,000 kwa kila tendo la ukiukaji, ingawa mahakama ina uwezo wa kuipunguza au kuifuta fidia hiyo kwa mtu aliyethibitisha kwamba hakujua wala hakuwa na sababu ya kuamini kwamba anakiuka. Lakini mteja akipakua tena kesho, seva yako ndiyo itakayompa nakala mpya, na utakuwa umempa huku ukijua. Kuna hoja nzito kwamba hilo ni tendo jipya la usambazaji. Funga viungo hivyo leo, uwaandikie wateja kwamba uhalali wa picha hizo unachunguzwa na waache kuzitumia kwa sasa, na uwarudishie fedha zao bila kusubiri waziombe.

Kuhusu kurudisha majina, usifanye hivyo kwa kubahatisha. Baadhi ya sheria hizi zina upande wa pili, nao ni kutoa taarifa za haki zilizo za uongo kwa nia ya kuficha au kuwezesha ukiukaji. Jina ulilolikisia kwa nia njema halitakufikisha gerezani, lakini litamtaja mtu ambaye huenda si mwenyewe na kuvuruga ushahidi. Vilevile, usithubutu kuandika jina la biashara yako katika nafasi zilizo tupu ili mfumo uzikubali picha. Nimeona wauzaji wakifanya hivyo kama jambo la kawaida la ofisini, na ni ushahidi mbaya kuliko nafasi tupu. Mwandikie msambazaji, umtake akuletee mikataba aliyoingia na wapiga picha, jina kwa jina na picha kwa picha, na umpe tarehe ya mwisho ya kujibu. Jibu lake, au ukimya wake, liweke kwenye jalada pamoja na nakala za awali, kisha umwone wakili wa nchi yako kabla hujawasiliana na yeyote anayedai kuwa mwenye picha.

MtunzaKumbukumbuZaPicha amejibu:

Naongezea kuhusu zile sauti, maana zimesahaulika. Msimbo wa kimataifa wa rekodi, ISRC, una herufi na tarakimu 12, na kila rekodi hupewa wake. Msimbo mmoja kwenye nyimbo zisizohusiana ni kosa la wazi, liwe la uzembe au la udanganyifu. Tarakimu mbili zilizo katika nafasi ya sita na ya saba ya msimbo huonyesha mwaka ambao msimbo ulitolewa, lakini usiupe mwaka huo uzito kupita kiasi, kwa kuwa rekodi za zamani nyingi zilipewa misimbo miaka mingi baada ya kurekodiwa. IFPI, shirikisho la kimataifa la watayarishaji wa rekodi za sauti, ambalo ndilo mamlaka ya kimataifa ya misimbo hiyo, limeweka mtandaoni hifadhidata ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta. Uandike ule msimbo unaojirudia uone ni wimbo gani unaotokea, kisha utafute kila wimbo kwa jina la msanii. Ukipata msimbo tofauti na ule uliomo ndani ya faili lako, piga picha ya skrini yenye tarehe na uitie kwenye lile jalada alilolitaja wakili.